Mali bila daftari: Kwa nini vipepeo wa Kitale na Bungoma wastahili kuhesabiwa

KATI ya Agosti na Oktoba, mahindi yanapokomaa katika mashamba ya Trans Nzoia na miwa ikirefuka huko Bungoma, vipepeo huonekana kando ya njia, kwenye nyua za maboma na katika matope yaliyoachwa na mvua ya jana. Watoto huwakimbiza, wakulima huwapita, na msimu ukiisha hakuna awezaye kusema kwa hakika iwapo walikuwa wengi kuliko mwaka uliotangulia au walikuwa wachache.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo aghalabu huelekezwa kwa mwenye duka, lakini yawahusu vipepeo vilevile. Kiumbe asiyehesabiwa aweza kupungua mwaka baada ya mwaka, na watu wakaja kushtuka siku ambayo hayupo tena.

Katika mataifa kadhaa ya ulimwengu, daftari la vipepeo huandikwa na watu wa kawaida wasiolipwa chochote: walimu, wastaafu, wanafunzi na wakulima, ambao hutenga muda wa kutembea mashambani na kuhesabu wanachokiona. Makala haya yaeleza kazi hiyo hufanywa vipi, imefichua nini, na kwa nini magharibi mwa Kenya ni mahali panapofaa mno kuifanyia.

Chimbuko la hesabu

Uingereza ndiyo iliyoonyesha njia. Katika miaka ya 1970, mwanasayansi Ernest Pollard alitafuta mbinu ambayo mtu yeyote mwenye macho mazuri na subira angeweza kuitumia. Mbinu yake ikaanza kutumika rasmi nchini humo mwaka wa 1976, na hesabu hiyo haijakatika hadi leo.

Mbinu yenyewe ni rahisi. Mhesabu huchagua njia moja na kuifuata kila wiki, kwa mwendo ule ule wa taratibu, tangu Aprili hadi Septemba. Huhesabu tu vipepeo wanaoonekana ndani ya mita mbili na nusu kila upande wake, na mita tano mbele yake. Aliye mbali zaidi ya hapo haandikwi, hata akiwa wa kupendeza namna gani.

Masharti hayo yana sababu. Lengo si kujua idadi ya vipepeo wote waliopo, kwani hilo haliwezekani. Lengo ni kupata kipimo kinachoweza kulinganishwa. Ikiwa njia ni ile ile, upana ni ule ule, saa ni zile zile na hali ya hewa inafanana, basi tofauti ya hesabu baina ya mwaka mmoja na mwingine huwa imetokana na vipepeo wenyewe, wala si bidii ya mhesabu.

Baadaye ilibuniwa hesabu nyepesi zaidi kwa ajili ya umma. Tangu mwaka wa 2010, Waingereza hualikwa kila mwaka, katikati ya Julai hadi mapema Agosti, kukaa au kutembea mahali popote penye jua kwa dakika 15 tu na kuandika vipepeo wanaowaona. Nchini Marekani, hesabu ya kila mwaka ya mwezi Julai ilianza mwaka wa 1975.

Yaliyofichuliwa na madaftari

Wapo wanaodhani kuwa huu ni mchezo wa watu wenye nafasi. Matokeo yake, hata hivyo, yamewashtua wanasayansi.

Ripoti iliyotolewa Uingereza mwaka wa 2022 ilionyesha kwamba asilimia 80 ya aina za vipepeo wa nchi hiyo wamepungua tangu miaka ya 1970, ama kwa idadi au kwa maeneo wanamopatikana. Katika hesabu ya dakika 15 ya mwaka wa 2024, kila mhesabu aliona wastani wa vipepeo 7 pekee, ilhali mwaka mmoja kabla yake wastani ulikuwa 12. Shirika linalosimamia hesabu hiyo lilitangaza hali ya dharura.

Huko Marekani, utafiti uliochapishwa Machi 2025 ulikusanya pamoja hesabu zipatazo 76,000 kutoka miradi 35, nyingi zikiwa zimefanywa na watu wa kujitolea. Ulibaini kuwa kati ya mwaka wa 2000 na 2020, idadi ya vipepeo nchini humo ilipungua kwa asilimia 22. Kwa maneno mengine, kati ya kila vipepeo watano waliokuwapo mwanzoni mwa karne hii, mmoja alikuwa ametoweka miaka 20 baadaye.

Hakuna serikali ambayo ingeweza kuajiri watu wa kutosha kuifanya kazi hiyo. Haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba.

Kitale yenye hazina ya kale

Wakazi wengi wa Kitale huenda hawajui kwamba mji wao una historia ndefu kuhusiana na wadudu hawa.

Jumba la Makumbusho la Kitale, lililo kando ya barabara ya kwenda Eldoret, lina asili yake katika mkusanyo wa mtu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa elimu ya viumbe. Alianzisha makumbusho yake binafsi katika eneo hilo mwaka wa 1926, akakusanya vipepeo na wadudu wengine, wanyama na vitabu hadi alipofariki mwaka wa 1966. Katika wosia wake aliliachia taifa mkusanyo huo pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa Desemba 1974, na lilikuwa la kwanza miongoni mwa makumbusho ya bara nchini Kenya.

Ada ya wakusanyaji wa vipepeo ni kuweka chini ya kila mdudu kikaratasi kidogo kinachotaja mahali aliponaswa na tarehe. Kikaratasi hicho ni ushahidi. Kikisema kuwa aina fulani ilinaswa katika eneo fulani miongo kadhaa iliyopita, mtu wa leo aweza kwenda mahali hapo hapo akatazama kama bado ipo.

Lakini ushahidi huo una upungufu wake. Mkusanyaji hunasa kipepeo adimu na kumwacha wa kawaida. Kwa hiyo masanduku ya makumbusho hutuambia ni aina gani zilikuwapo, bali hayatuambii zilikuwa nyingi kiasi gani. Pengo hilo huzibwa na hesabu pekee.

Jambo lililofanywa jirani, Uganda, laonyesha faida ya kuhesabu wale wa kawaida. Katika miaka ya 1960, mtaalamu Denis Owen wa Chuo Kikuu cha Makerere aliwahesabu vipepeo wa jamii ya Acraea waliokuwa wakiruka karibu na Kampala. Aligundua kwamba katika baadhi ya makundi, karibu wote walikuwa majike. Baadaye wanasayansi walitambua sababu: bakteria wanaorithishwa na mama huwaua watoto wa kiume wangali mayai. Kipepeo aliyekuwa akipuuzwa kila siku akawa somo la wasomi ulimwenguni.

Ngazi kutoka Bungoma hadi mlimani

Kenya ina takriban aina 900 za vipepeo, ilhali Uingereza ina 59 tu. Sehemu kubwa ya utajiri huo uko magharibi mwa nchi, ambako mabaki ya misitu ya Afrika ya Kati yamefika. Msitu wa Kakamega, ulio karibu na Bungoma, una mamia ya aina.

Aidha, ardhi ya eneo hili imepangika kama ngazi. Mji wa Bungoma uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, wafikia karibu mita 1,900. Kutoka hapo mashamba hupanda taratibu hadi kwenye misitu ya Mlima Elgon, ambao kilele chake, upande wa Uganda, kina mita 4,321.

Kila kipandio cha ngazi hiyo kina joto lake, mimea yake na vipepeo wake. Hilo lina uzito mkubwa wakati huu ambapo dunia inazidi kupata joto. Kwenye Mlima Kinabalu, katika kisiwa cha Borneo, watafiti walirudia mwaka wa 2007 uchunguzi wa nondo uliofanywa mwaka wa 1965. Waligundua kwamba kwa wastani nondo hao walikuwa wamehamia mita 67 juu zaidi katika muda wa miaka 42.

Je, viumbe wa Elgon nao wanapanda? Kipepeo wa Bungoma aweza kuhamia Kitale, na wa Kitale akakimbilia msituni. Lakini aliyekwisha kufika karibu na kilele hana pa kwenda. Swali hilo laweza kujibiwa na wahesabu waliopangwa kwenye vipandio mbalimbali, kila mmoja na njia yake, bila hata mmoja wao kulazimika kusafiri mbali na kwake.

Viwavijeshi na dawa mashambani

Sababu nyingine inamgusa mkulima moja kwa moja. Mwaka wa 2017, viwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika walizuka katika mashamba ya mahindi ya magharibi mwa Kenya, Trans Nzoia na Bungoma yakiwamo. Wakulima ambao awali hawakuwa wakinyunyizia mahindi dawa walilazimika kununua bomba na kemikali.

Kiwavijeshi ni mtoto wa nondo, na nondo ni ndugu wa kipepeo. Dawa nyingi zinazomuua mmoja haziwezi kumbagua mwingine. Upepo ukiipeleka dawa hadi kwenye ua au majani ya kando ya shamba, kiwavi wa kipepeo asiye na hatia hufa pia. Pamoja naye hufa nyigu wadogo ambao hutaga mayai ndani ya viwavi waharibifu na hivyo kumsaidia mkulima bure.

Lazima ukweli usemwe. Vipepeo si wachavushaji wakuu wa mazao yetu. Nyuki wanawashinda kwa mbali. Na wapo vipepeo waharibifu, kama yule wa jamii ya Acraea ambaye viwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Mkulima hana wajibu wa kuwapenda wote.

Thamani yao hasa ni ile ya kengele. Huonekana mchana, hutambulika kwa rangi, huzaliana upesi, na kiwavi wa kila aina hutegemea mimea michache tu. Kwa hiyo mabadiliko ya ardhi huwafikia mapema. Kupungua kwao katika shamba fulani ni dalili kwamba wadudu wengine wasioonekana kwa urahisi, wakiwamo nyuki na nyigu, huenda nao wanapungua. Dalili ya mvua ni mawingu.

Hesabu pia yaweza kusaidia kulinganisha mbinu za kilimo. Wakulima wa Trans Nzoia walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu, katika miaka ya 1990, mbinu ya kituo cha icipe ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi za nepia pembeni, ili kuwafukuza na kuwanasa nondo wa viwavi watoboao mabua. Anayehesabu vipepeo kando ya shamba la aina hiyo, na kando ya shamba linalonyunyiziwa dawa, hupata ushahidi wa kuzungumzia badala ya dhana.

Namna ya kuhesabu

Yeyote anayetaka kuanza hahitaji wavu. Anahitaji kalamu, daftari, saa, na ikiwezekana simu yenye kamera. Hatua za kufuata ni hizi:

Kwanza, chagua njia ya kilomita moja au mbili unayoweza kuipita bila kizuizi mwaka mzima. Igawe katika vipande kulingana na mandhari: shamba la mahindi, ua, ukingo wa mto, kijisitu. Andika hesabu ya kila kipande peke yake.

Pili, zingatia saa. Vipepeo huhitaji joto la jua ili waruke. Waingereza huhesabu kati ya saa nne na dakika 45 asubuhi na saa tisa na dakika 45 alasiri. Kwa Kitale na Bungoma, ambako mvua za msimu hupenda kunyesha alasiri, yafaa kuanza saa nne asubuhi na kumaliza kabla ya saa saba.

Tatu, usihesabu kukiwa na mvua, mawingu mazito au upepo mkali. Andika hali ya hewa kila mara.

Nne, usirudi nyuma kumhesabu aliyekupita. Mtu akisimama au kurudi kila anapoona kipepeo wa kuvutia, kipimo chake huharibika.

Tano, andika hata siku ambayo hukuona kipepeo yeyote. Sufuri ni hesabu pia. Daftari lenye siku njema pekee hudanganya.

Huku kwetu karibu na ikweta hakuna kiangazi na majira ya baridi kama ya Ulaya. Vipepeo hufuata mvua. Kwa sababu hiyo, ni vyema kuhesabu angalau mara mbili kila mwezi, na kila wiki katika kipindi cha Agosti hadi Oktoba. Likizo ya shule ya mwezi Agosti ni fursa nzuri kwa wanafunzi.

Aina za kuanzia

Wingi wa aina zetu waweza kumkatisha mtu tamaa. Dawa yake ni kuanza na chache zinazotambulika kwa urahisi, na kuwaandika wengine kwa makundi, kama vile 'weupe wadogo' au 'buluu wadogo'.

Wa kwanza ni kipepeo wa michungwa na milimau, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Ni mkubwa, mweusi mwenye mabaka ya manjano. Kiwavi wake akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na akichokozwa huchomoza pembe mbili laini zenye harufu kali.

Wa pili ni Danaus chrysippus, wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe na hurithi sumu yake, hivyo ndege humwepuka.

Hapo mhesabu ajihadhari. Jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, limejivika sura hiyo hiyo ili kuwahadaa ndege, ingawa halina sumu. Tofauti iko kwenye mabawa ya nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa, ilhali mwigaji ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Dume la mwigaji halifanani nao kamwe. Ni jeusi lenye madoa makubwa meupe.

Wa tatu ni wale weupe wenye mishipa ya kahawia, Belenois aurota, ambao mara nyingine hupita kwa maelfu wakielekea upande mmoja kwa siku kadhaa. Ukiwaona, andika tarehe, saa na mwelekeo wao. Barani Ulaya, kumbukumbu za watu wa kujitolea zilizojumuishwa na vipimo vya rada zilisaidia kuthibitisha kwamba vipepeo wa aina ya Vanessa cardui, wanaotoka Afrika kila mwaka, hurejea huku majira ya vuli wakiruka juu mno kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Mipaka ya hesabu

Njia ya ardhini haiwafikii vipepeo wakaao juu ya miti, na baadhi ya aina za msituni haziwezi kutofautishwa bila kushikwa. Kwa hao, wataalamu hutumia mitego yenye ndizi mbivu zilizochacha. Kazi hiyo huhitaji idhini, hasa ndani ya mbuga kama Mlima Elgon na Saiwa Swamp, ile mbuga ndogo kuliko zote nchini iliyotengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe. Mhesabu wa kujitolea atazame, apige picha, amwache kipepeo aende zake.

Vilevile, mwaka mmoja hautoshi kutoa hukumu. Idadi ya vipepeo hupanda na kushuka kufuatana na mvua, na ukame mmoja waweza kuonekana kama maangamizi. Ni baada ya miaka mingi ndipo mwelekeo hujitokeza. Hii ndiyo sababu njia moja inayohesabiwa kwa miaka 10 ina faida kuliko njia 10 zinazohesabiwa mwaka mmoja kisha zikasahauliwa.

Nani aanze?

Wakenya si wageni wa kuhesabu kwa kujitolea. Chama cha Historia ya Asili cha Afrika Mashariki, kinachojulikana leo kama Nature Kenya, kilianzishwa mwaka wa 1909. Matembezi yake ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi jijini Nairobi yalianzishwa na Bi Fleur Ng'weno mwaka wa 1971. Tangu mapema miaka ya 1990, watu wa kujitolea wamekuwa wakiwahesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa. Tangu 2013, mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa, na yeyote aweza kutuma orodha yake.

Kilichofanyiwa ndege chaweza kufanyiwa vipepeo. Picha zenye tarehe na mahali zaweza kupakiwa kwenye mtandao wa iNaturalist, ambako wajuzi husaidia kutaja aina. Vyama vya wanafunzi vya mazingira vyaweza kuchukua njia moja kila kimoja. Walimu wa sayansi wana somo lililo tayari: yai, kiwavi, pupa na kipepeo, pamoja na hisabati ya wastani na grafu.

Huko Gede, pwani ya Kenya, wakazi wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa tangu 1993 wakifuga vipepeo kupitia Mradi wa Kipepeo na kuuza pupa ng'ambo, hivyo kupata sababu ya kuulinda msitu. Hesabu haileti fedha namna hiyo. Inacholeta ni ushahidi, na bila ushahidi mkulima, mwalimu na afisa wa kaunti hubaki kubishana kuhusu mto upi umeharibika na dawa ipi imezidi.

Mkusanyo wa Stoneham ulichukua takriban miaka 40 na juhudi za mtu mmoja. Wahesabu wachache wa Kitale na Bungoma, wakianza msimu huu na wasichoke, wanaweza kuwaachia wajukuu wao daftari ambalo hata yeye hakuliacha.